Honi Niliyoifunga Shambani

Hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli hautupwi. Ukishachoka kutiwa viraka hukatwa vipande vyembamba virefu, na kwa vipande hivyo tunafunga karibu kila kitu: mpini wa jembe uliolegea, mlango usio na bawaba, mzigo wa kuni, mguu wa kitanda. Mimi niliutumia hata kwenye umeme. Nilipounga waya, nilizisokota ncha pamoja, nikazizungushia mpira huku nikiuvuta mpaka ukakaza kabisa, kisha nikapiga fundo. Maungio yangu yalikuwa meusi na manene, na niliyaonea fahari.

Umeme si kazi yangu. Mimi ni mkulima wa maharage na mahindi. Kabla ya kukimbia kutoka Kivu ya Kusini nilimaliza sekondari, na huko mwalimu wa fizikia alitufundisha kwa betri moja na balbu moja, darasa zima likiwa limeizunguka meza yake. Mengi ya shule yamenitoka, lakini hilo la betri na balbu lilibaki. Tangu wakati ule sijaweza kuipita redio iliyokufa bila kutamani kuifungua. Chini ya kitanda chetu kuna katoni iliyojaa spika, swichi, vipande vya waya na mabodi ya redio za watu waliokwisha kukata tamaa nazo.

Mke wangu alipopooza upande wa kushoto, binti yetu anayekaa karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, alikuja kumchukua. Nyumba yake ina watu mchana kutwa, na zahanati haiko mbali. Mke wangu alikataa.

"Miye siendi kukaa mu nyumba ya mukwe kama mugeni," alisema. "Niko na nyumba yangu."

"Na Papa akiwa mu shamba, Mama, ukianguka utaita nani?"

Sauti ya mke wangu ilikuwa imeishiwa nguvu pamoja na mkono, na shamba letu liko ng'ambo ya migomba, chini ya mteremko. Ndipo nilipoingilia. Nilisema nitamtengenezea kengele. Binti yetu akasema sawa, tutaona. Kwa hiyo kubaki kwa mke wangu nyumbani kwake kulining'inia kwenye kengele yangu, nami nililijua hilo tangu mwanzo.

Nilikwenda mjini Mbarara, kwenye duka la vipuri ambalo mwenyewe ni mama mmoja mcheshi. Alinionyesha king'ora kidogo cha kutosha kiganjani.

"Mzee, hii kadogo nalia vizuri. Hakuna kula betri."

"Shamba iko mbali," nikamwambia.

"Basi chukua honi ya boda. Hii hata maiti nasikia!" Wateja wakacheka. "Lakini honi nakula moto ya betri mingi, ssebo. Chukua na waya kubwa. Na tepu."

"Waya ninayo. Na tepu ya nini? Sisi tunafunga na mpira wa baiskeli."

"Eh, nyinyi watu ya Nakivale!" alisema, akanifungia honi peke yake.

Waya niliyoiita yangu ilikuwa vipande vya kila namna kutoka kwenye katoni, vingine vyembamba kama uzi wa kushonea magunia. Niliviunga kimoja kwa kimoja, nikafunga mipira yangu, nikaupitisha mstari wote kati ya migomba mpaka kwenye nguzo niliyoisimamisha ukingoni mwa shamba. Honi ikakaa juu ya nguzo. Betri ya sola ikabaki chumbani, na kitufe kikaning'inia kando ya kitanda, upande wa mkono mzima wa mke wangu.

Siku ya kwanza alipokibonyeza, mbuzi wa jirani walikata kamba. Jirani mwenyewe alikuja kuuliza kama nimenunua pikipiki na nimeificha wapi. Mke wangu alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki kumtii. Kwa wiki nyingi aliniita kwa mambo madogo: chai imechemka, mgeni amefika, dirisha limefunguka na upepo. Nilikuwa natoka shambani mbio, jembe mkononi.

Mvua zikaja, zikanyesha hasa. Kila Jumapili kabla ya ibada niliikagua kengele. Sikuifanya ilie, kwa sababu honi iliwasumbua majirani na kula betri. Nilikuwa nashuka na mita yangu ya kupimia, naichomoa honi, nagusa ncha mbili za waya pale kwenye nguzo mke wangu akiwa amebonyeza kitufe, nasoma volti kumi na mbili na ushee, kisha narudi kumwambia mke wangu kwamba kila kitu ni kizima.

Jumapili moja aliniambia, "Papa, ile kitu yako siku hizi inalia kama mutu mwenye mafua."

"Ni maskio, Mama. Tumezeeka."

"Maskio yangu haikupooza."

Nilicheka, nikachukua Biblia yangu tukaagana. Nilikuwa nimepima, na mita ilikuwa imesema.

Siku aliyoanguka nilikuwa napalilia maharage. Jua lilikuwa zuri baada ya mvua ya usiku, na nilikuwa nimelitundika koti langu kwenye nguzo ileile yenye honi. Nilipalilia hatua chache kutoka hapo tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini nikachukua koti, nikapanda kwenda kula. Nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, nguo zimelowa, kitufe kimo mkononi mwake na kidole gumba bado kiko juu yake.

"Nimebonyeza," alisema. "Nilisikia hailii. Nikabonyeza tu."

Nilimwinua, nikamwosha, nikambadilisha nguo, nikamlaza. Hakuwa amevunjika mfupa. Halafu nikafanya jambo ambalo ningelipa chochote nisiwe nimelifanya. Nilichukua mita, nikashuka hadi kwenye nguzo nikiwa nimemwachia jirani kitufe akibonyeze, nikaichomoa honi kama kawaida, nikapima, nikarudi chumbani nikasema: "Lakini moto unafika. Iko kumi na mbili."

Mke wangu aligeuza kichwa taratibu.

"Basi ni kidole changu iko na uongo?"

Nilitoka nje. Nilikaa chini kwenye migomba na kufikiri kama yule mwalimu alivyotutaka tufikiri, na jibu halikuwa mbali. Mita haitaki umeme mwingi, inaonja tu. Waya iliyokaribia kukatika inaweza kuionjesha mita volti zote kumi na mbili, lakini ukidai kazi ya kweli hapohapo haina kitu. Nilileta balbu ya pikipiki, nikaiunga kwenye ncha za waya pale shambani, na jirani alipobonyeza nikapima tena huku balbu ikiwa imeungwa. Haikuwaka. Mshale ukaanguka hadi karibu na sifuri.

Nilirudi nyuma kwa mstari, ungio hadi ungio, nikijaribu balbu kila mahali. Karibu na nyumba iliwaka vizuri. Baada ya migomba ya kwanza ikawa nyekundu tu. Nilifungua mpira wa ungio lililofuata. Shaba ndani yake ilikuwa nyeusi kama makaa, na nilipoisugua kwa kidole ikabaki unga. Mpira ulikuwa umeyashika maji ya mvua na kuyatunza, na mpira wenyewe una kitu ndani yake kinachoila shaba. Maungio mengine yalikuwa vilevile. Kila fundo nililolikaza kwa nguvu zangu zote lilikuwa limeoza ndani, na kwa nje bado lilipendeza.

Nilimweleza mke wangu yote, pamoja na kwamba aliniambia nami nikacheka. Alisikiliza, kisha akauliza kama nimekula.

Binti yetu alikuja kesho yake akiwa na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mama yake. Niliwaomba muda mpaka mavuno ya maharage. Sikustahili kupewa, lakini mke wangu ndiye aliyesema, "Muachie. Nyumba bado ni yangu." Nilirudi Mbarara. Safari hii nilinunua bunda moja la waya nene isiyo na ungio katikati, lehemu, na tepu. Yule mama wa duka aliniuliza kama mipira imekwisha. Nikamwambia imekwisha.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilichimba mfereji, nikailaza waya, nikaifukia. Ncha nilizilehemu zikang'aa. Kila asubuhi sasa tulijaribu kwa honi yenyewe. Yeye anabonyeza, mimi nasikia, napunga jembe ingawa hawezi kuniona. Siku zilipita, na nikaanza kulala vizuri.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka honi ilipolia katikati ya asubuhi. Ililia sana, kwa nguvu, bila kukwaruza. Nilisimama kuisikiliza. Jambo la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: hiyo ndiyo kazi. La pili lilikuwa kwamba anaijaribu tu, maana sasa tulikuwa watu wa kujaribu. Nilimaliza kung'oa mche niliokuwa nimeushika. Nikapanda. Njiani, pale njia inapotoka kwenye migomba, niliona mvua imeufumua mfereji kidogo, nikasimama nikaukandamiza udongo kwa mguu, nikaifurahia kazi yangu.

Alikuwa amekaa kitandani, mzima, ameelekea dirishani.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa unatembea."

"Nilijua unajaribu tu, Mama."

"Ulijua namna gani?"

Aliuliza bila hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea.

"Ulisimama kuangalia waya," alisema. "Miye nilikuwa mu nyumba, na weye ulisimama kuangalia waya."

Kisha akaniomba nimpigie simu binti yetu, kwa sababu kidole chake hakiwezi vitufe vya simu. Nilipiga, nikamshikia simu sikioni. Alisema, "Uje unichukue," na halafu wakaongea habari za sufuria zipi aende nazo.

Siku ya kuondoka mama wawili wa kanisani walikuja wakamwombea. Alipandishwa kwenye pikipiki kati ya dereva na binti yetu, mkono wake mzima ukishika koti la dereva. Aliniambia nisile ugali mkavu kila siku, nijipikie na sombe, yale majani ya muhogo. Nilisema nitafanya hivyo. Nilikaa uani mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea.

Watu bado huniletea redio. Ninazitengeneza, na siku hizi siirudishi redio kabla ya kuiacha ipige kelele uani kwangu tangu asubuhi hadi jioni. Jirani analalamika.

Jumapili baada ya ibada nakwenda kwa binti yetu. Kiti cha mke wangu kimewekwa kwenye kibaraza, mahali anapoiona njia yote. Goti langu linaniuma, na pale mwisho kuna kilima, lakini nikifika mahali anapoweza kuniona nachapua miguu. Hajawahi kusema neno juu ya hilo. Nikifika huniuliza kama nimekula, nami humwambia nilichokula.