Kikapu cha Dawa za Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya sabini ikianza, nikiwa bibi arusi mgeni hapa Keumbu. Mama mkwe alikuwa kitandani na kichomi. Hospitalini alipewa vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, tukaambiwa vitamponya. Siku zikapita, kifua kikazidi kumbana, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Unawajua watu wetu. Kila anayekuja kumwona mgonjwa huja na dawa yake, na kuikataa ni kumkataa yeye. Mmoja alileta vidonge vya kuongeza damu kutoka duka la Mosocho, mwingine unga wa kutuliza kiungulia. Mama alimeza vyote kwa mpigo, akashushia mabere amaru, yale maziwa yetu yaliyoganda kibuyuni, ili dawa kali zisimchome tumbo.

Mimi nikasema daktari azione zote. Wifi yangu akanikaripia, eti mke aliyekuja juzi anawezaje kuanika mambo ya nyumba kwa wageni. Lakini nilimjibu.

"Mama akifa, heshima yangu itamfaa nani?"

Nikatia dawa zote kikapuni, nikashika njia ya hospitali.

Daktari alizimwaga mezani, akauliza Mama anazimezaje. Nikamweleza, maziwa na yote.

"Dawa yangu ni nzuri," akasema, "lakini hizi za damu, huo unga na maziwa vinaishika huko tumboni. Haifiki kwenye damu."

Akaagiza vile vya rangi mbili vinywewe peke yake, kwa maji, kabla ya chakula. Vya damu na maziwa vingoje saa zao, unga uwekwe kando.

Tukafuata. Homa ikashuka, kifua kikafunguka, na Sabato moja Mama akaingia kanisani kwa miguu yake, akaimba kuishinda kwaya. Baada ya ibada, mbele ya wale walionong'ona habari za uchawi, aliuinua mkono wangu juu.

"Huyu mokamwana," akasema, yaani mke wa mwanawe, "ndiye aliyenitoa kaburini."

Nilifurahi, na hata leo nikisimulia nafurahi upya.

Basi nisikilize. Dawa mbili nzuri zaweza kuharibiana kazi zikikutana tumboni. Ukifika kwa daktari, mtajie kila unachomeza, cha duka, cha mitishamba na cha jirani, hata kama unaona haya. Mungu akupe afya, mwanangu, na siku utakapougua, akuwekee nyumbani mtu asiyeogopa kusema.