Spika Iliyochoka

Baba yangu alipata leseni ya redio ya ridhaa zamani, akiwa bado anafundisha fizikia. Alipostaafu alirudi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, Machame, katikati ya migomba na kahawa, akaiweka redio yake ya mawasiliano kwenye kichumba kilichopakana na zizi. Kila siku saa kumi jioni alizungumza na rafiki yake, mwalimu mstaafu mwenzake, aliyeishi mji wa Mkuu, Rombo, upande wa pili wa mlima.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, Majengo, natengeneza kompyuta. Kila nilipopanda nyumbani nilimkuta Baba amefungulia sauti hadi mwisho, anapiga kelele, "Rudia! Rudia tena!" Mama alilalamika kwamba ng'ombe wanagoma kushusha maziwa.

"Spika imechoka," Baba aliniambia. Nikaibadilisha. Haukupita mwezi: "Hata hii nayo imechoka."

Hapo nikaelewa. Nikaelewa pia kwamba hakutaka nielewe.

"Baba," nikamwambia, "hewani siku hizi kuna kelele mno. Kwa nini msiandikiane?"

"Kwa redio hii hii?"

"Hii hii. Tunaifunga na kompyuta."

Jumamosi nilikwenda Mkuu na kompyuta kuukuu, nikaifunga kwenye redio ya rafiki yake kwanza. Alinipa mkungu wa ndizi na kunishika bega. "Binti yangu, baba yako ananiambia rudia, rudia, mpaka nasahau nilichosema."

Jumapili baada ya ibada nikakaa na Baba kichumbani. Waya mmoja ulitoka kwenye redio kuingia kwenye kompyuta, mwingine ukarudi. Nikamweleza kwamba kompyuta inayakata maneno kuwa vifurushi vidogo, inavirusha kama milio. Kimoja kikipotea njiani, upande wa pili unaomba kitumwe tena.

"Unaomba bila kuona haya?" akauliza.

"Ni mashine, Baba."

Saa kumi ilipofika, milio ikaja, lakini kwenye kioo cha kompyuta hakuna kitu. Nikakagua waya, nikachomea upya plagi moja, nikaizima programu na kuiwasha. Hakuna. Ndipo nikaona kitufe cha redio cha kuzungushia sauti: kiko mwisho kabisa.

"Punguza, Baba."

"Nikipunguza itasikiaje?"

"Ukiipigia kelele inachanganyikiwa."

Akakizungusha taratibu, mpaka nikasikia ng'ombe akicheua upande wa pili wa ukuta. Herufi zikaanza kujipanga: MZEE MWENZANGU UPO? UNANISIKIA?

Baba alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: SIKUSIKII HATA KIDOGO. LAKINI NIMEKUSOMA. Akacheka mpaka Mama akaja mbio na ndoo ya maziwa mkononi, akidhani kuna jambo.

Baada ya hapo waliandikiana kila jioni: bei ya kahawa, misiba, nani ameozesha mtoto. Siku moja nilikuwa nyuma yake nakaza plagi iliyolegea, yeye akiandika. Macho yangu yakaenda kwenye kioo. KANISANI NAIMBA KWA MIDOMO TU. MWAKA WA PILI SASA SISIKII KINANDA. NYUMBANI SIJAMWAMBIA MTU.

Nikaiachia plagi. Jibu lilichelewa kidogo. KWANGU MIMI NI MACHO. HERUFI ZAKO NIMEZIKUZA KAMA ZA BANGO. MWAMBIE BINTI YAKO, ATAKUELEWA.

Baba aligeuka, akanikuta nimesimama.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma, Baba."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi kesho nipeleke hospitali."

Daktari alisema masikio hayatarudi yalivyokuwa, ila kifaa kitamsaidia. Kilimsaidia. Sasa kanisani Baba anaimba kwa sauti yote aliyojaliwa, na ni sauti isiyofuata kinanda hata kidogo. Watu wa mbele hugeuka. Mama huweka mkono wake juu ya wa Baba, na kuendelea kuimba naye.