Shosho wa Kwenye Tone la Umande

Usianze kwa kuniambia kwamba niliota. Picha ninayo, na walioiona kwa macho yao ni wengi kuliko ninavyotaka. Nitakueleza ilivyokuwa, uamue mwenyewe.

Mimi ni Mmeru wa Mikinduri, ila kazi ilinileta Karurumo, kwa Waembu, kwenye duka la dawa za mimea na mifugo. Wateja huniita daktari, ingawa sijawahi kumtibu mtu. Kutwa nzima nauza sumu ya wadudu. Siku moja mteja aliniletea jani la kahawa lenye vijidudu. Nilikuwa nimenunua kilenzi kile cha kubana kwenye simu, cha kukuza vitu vidogo, nikakijaribu pale pale. Kumbe yule mdudu ana macho mekundu kama shanga, na miguu inayopitisha mwanga! Nilimuuzia mteja dawa yake, lakini moyo wangu ulibaki kwenye lile jani.

Ndivyo nilivyoanza. Mwanzoni picha zangu zote zilikuwa ukungu mtupu. Mchana wadudu hawatulii, na ukiwa karibu hivyo, hata kupumua kunatosha kulipoteza jicho la mdudu kwenye kioo. Baadaye nikagundua kwamba alfajiri, baridi ikiwa kali, wanalala na mabawa yamelemewa na umande. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka nikawa nateremka kwenye kijito, katikati ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, na karatasi nyeupe mkononi ya kurudishia mwanga.

Asubuhi ninayokwambia, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji. Kila jani jeupe, kila sauti mbali. Nikampata kereng'ende amelala kwenye jani la nepia, amejaa matone mwili mzima kama aliyeshonewa vazi. Nikapiga magoti. Nikazuia pumzi. Mkono ukatetemeka, nikamkosa. Nikajaribu tena, nikamkosa.

"Weka kiwiko juu ya goti," sauti ikaniambia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kwa Kiembu cha polepole, nasi Wameru tunakielewa. Nikatii kabla hata ya kutazama. Wewe ungefanya nini? Mkono ukatulia. Ndipo nikainua macho.

Alikuwa bibi mzee, amesimama upande wa pili wa lile jani, karibu kiasi cha kumgusa. Kitambaa cha buluu kichwani, leso mabegani. Alikuwa na ndewe kubwa, ncha za masikio zilizotobolewa na kuvutwa kama za wazee wa zamani, na ya kushoto ilikuwa imekatika, inaning'inia vipande viwili. Umande ulikuwa umemtanda kwenye kope, kwenye nyusi, kwenye leso, vile vile ulivyomtanda kereng'ende. Niamini, sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyeamshwa na mvua, akajifunika tena blanketi kuisikiliza.

"Shosho, husikii baridi?" nikamwuliza.

"Nipige na mimi," akasema. "Nisogelee kama unavyomsogelea huyo."

Nikacheka, nikainua simu. Kwenye kioo kulikuwa na kereng'ende na ukungu tu. Nikachungulia juu ya simu: yupo. Nikarudi kwenye kioo: hayupo. Nikajiambia ni kile kilenzi, maana kinaona vya karibu tu na vingine vyote kinavifuta. Nikabonyeza.

"Imetoka?"

"Imetoka, shosho. Nikuletee wapi? Unaitwa nani?"

Akafungua mdomo kama anayelitafuta jina lake. Jua likachomoza juu ya kilima, ukungu ukasogea, na pale alipokuwa pakabaki nepia tu, nyeupe kwa umande, hakuna hata jani lililoguswa. Nyuma yangu njia niliyopita ilionekana, mstari mweusi kwenye nyasi. Yeye hakuwa na njia. Hofu ikaja wakati huo, yote kwa pamoja. Nilikimbia hadi dukani.

Nilikuwa bado naitazama picha wakati Mama Wanja, muuza ndizi wa hapo sokoni, alipoingia kutafuta dawa ya kuku.

"Daktari, unatazama nini hivyo?"

Nikamwonyesha. Chini ya jicho la kereng'ende lilikuwa limening'inia tone moja, na ndani yake kulikuwa na sura ya mtu, kichwa chini. Kupinduka peke yake si ajabu, tone la maji huupindua ulimwengu. Mama Wanja akaigeuza simu, akaikuza picha kwa vidole. Kisha akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Hii ndewe ilikatwa na kamba ya kuni," akasema. "Nilikuwepo, nikiwa mtoto."

"Ya nani?"

"Ya mama."

Walikuwa wamemzika kabla mimi sijahamia huku. Maisha yake yote alikuwa na picha moja tu, ya kitambulisho, nayo ilifutika. Kwenye karatasi ya programu ya mazishi, mahali pa uso wake, waliweka ua la waridi.

"Wajukuu wameshamsahau sura," akasema. "Hata mimi, daktari. Hata mimi nilikuwa nimeanza." Akakipangusa kioo kwa kanga yake, taratibu, kama anayempangusa mtu.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwake, na habari ikaenea. Watu wanakuja dukani, na si kwa ajili ya dawa. Mzee mmoja alitoka Siakago na kitambaa cha marehemu mkewe, akaniomba nishuke nacho kwenye nyasi, huenda naye akatokea. Nilishuka. Bado nashuka. Napata vunjajungu, buibui, vipepeo waliolala, picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na matone yaliyojaa miti na mbingu, lakini mtu hakuna. Nayakuza moja moja. Nikirudi nawakuta wamesimama mlangoni pa duka, wananitazama uso kabla sijasema neno.

Kwa hiyo wewe uliyenunua kilenzi juzi, nenda, kazi hii ni tamu. Lakini mtu akikutokea kwenye umande, tazama kwanza kama nyasi zimelala alipopita. Zikiwa zimesimama, usipoteze muda kumwuliza jina kama mimi. Piga picha, uendelee kupiga mpaka jua litoke. Na ukishazipata, mtafute mwenye mtu wake umpe kimya kimya, wala usimwambie mwingine yeyote.