Jinsi sisi wakurugenzi sita tulivyoua mradi wa video za bure Oldonyo Sambu

Wakuu, salamu kutoka chini ya Mlima Meru. Vijana, marahaba. Wakubwa zangu mmebaki wachache humu, shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote yalitokea hivi hivi, na upumbavu ulikuwa wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Mashirika ya umma yanafungwa, mimi karani nimepunguzwa kazi, nimekaa mtaani Sakina na cheti changu cha form four. Kila mtu anafungua kitu. Duka, bar, shule, kanisa.

Sisi tukafungua mradi wa habari na burudani wa hisani.

Wazo lilikuwa zuri, hilo sitalikana. Tunapeleka video vijijini bila kiingilio. Kwanza filamu ya afya, halafu vichekesho. TV, deki na jenereta tulipewa na wafadhili, gari tuliazima usharikani.

Tulikuwa sita, na wote sita tulikuwa wakurugenzi.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye nyumba Njiro. Tulikuwa hata na Mkurugenzi wa Maadili. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya TV kila watu wa kwenye filamu walipokaribia kubusiana.

Mimi nilikuwa Mkurugenzi wa Vipindi. Kadi zangu zilichapwa kabla hatujapata kipindi hata kimoja. Moja nilimpa muuza nyama wangu, mtu niliyeonana naye kila siku. Akaisoma, akaniuliza, "Sasa nikupimie kilo ngapi, mkurugenzi?"

Kazi yenyewe alikuwa anaifanya Mama Lomayani.

Alikuwa mama wa Kiarusha, kwao Oldonyo Sambu, darasa la saba. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na kule juu wazee wengi Kiswahili chenyewe walikisikia kwa taabu. Yeye alishika kipaza sauti akaitafsiri filamu nzima kwa Kimaasai, papo hapo, na kuongeza chumvi yake. Daktari wa Kizungu akitokea, anampa jina la mzee fulani wa kijijini. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Walimwita Yeyo, yaani mama.

Filamu aliyoipenda ilihusu vikope, ugonjwa wa macho unaosambazwa na nzi na nyuso zisizooshwa, mwisho wake mtu anapofuka. Mama yake mzazi alipofuka hivyo. Akimaliza kutafsiri, wiki inayofuata unaona akina mama wanateremka na watoto kwenda kliniki ya macho. Hilo nililiona mwenyewe. Nikaliandika kwenye ripoti kama mafanikio ya Idara ya Vipindi.

Idara ilikuwa mimi.

Siku moja shirika la nje lililotaka kutufadhili kwa miaka mitatu likaomba maelezo ya leadership team. Tukaandika kurasa nne. Mama Lomayani hakuwemo. Nilisema mwenyewe kwenye kikao, "Tukimweka wa darasa la saba watatuonaje?" Hakuna aliyebisha.

Mgeni wao akaja kutukagua, mama wa makamo, na msaidizi wake, dada mmoja mkimya. Hatukumuuliza hata kwao ni wapi.

Safari ilikuwa ya Oldonyo Sambu. Asubuhi tunapakia, nafasi hazitoshi. Wakurugenzi sita, wageni wawili, dereva, TV, jenereta. Mama Lomayani amesimama na kanga yake begani.

"Mimi nakaa wapi, Baba Joyce?"

Nikamwambia leo apumzike, siku ya viongozi.

Akatutazama tulivyobanana. "Haya wakubwa. Kule watu wanasubiri. Nani ataongea?"

"Nitaongea mimi."

"Kimaasai?"

"Nakijua."

Wakuu, nilichokijua ni salamu na bei ya mbuzi.

Tulifika saa nane mchana. Ukumbi wa kanisa umejaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane. Tukaanza na utambulisho. Kila mkurugenzi alisimama, akasema machache. Machache ya Mwenyekiti yalianzia alivyosoma middle school. Karibu saa nzima ikaisha, jenereta inanguruma nje bila kuonyesha kitu.

Filamu ikaanza. Nikashika kipaza sauti. Kimaasai kiliniishia kwenye salamu, nikahamia Kiswahili changu cha ofisini: "Nzi ni mdudu msumbufu aenezaye maradhi mbalimbali."

Mzee wa mstari wa mbele akajifunika shuka usoni akalala. Watoto wakaanza kutoka.

Bibi mmoja akasimama, akaongea Kimaasai kwa kirefu akininyooshea kidole. Ukumbi mzima ukacheka, kicheko cha kwanza siku hiyo.

Mgeni akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Anatushukuru kwa kuja."

Yule dada mkimya akasema taratibu, "Hapana. Anasema huyu mwenye kipaza sauti akae chini, wamekuja kumsikiliza Yeyo. Anauliza mmemwacha wapi."

Kumbe kwao ni Monduli, kwa Wamaasai.

Mgeni akauliza Yeyo ni nani. Mwenyekiti akatazama dari. Mimi nikasema ni msaidizi wetu mmoja. Yule bibi hakungoja tafsiri, akaja mpaka mbele akamweleza dada wa Monduli habari zote, pamoja na wajukuu zake waliopelekwa kliniki.

Wiki iliyofuata tulikaa Njiro sebuleni kwa Mwenyekiti, safari hii na Mama Lomayani. Mgeni alikuwa na sharti moja: mama huyu awe Mkurugenzi wa Vipindi. Vinginevyo hawaendelei na sisi.

Kiti changu, wakuu.

Mama Lomayani alipopewa nafasi ya kuongea alisema, "Mimi cheo sikijui. Nataka niwe nafika. Kule kuna watu macho yanaisha."

Wakurugenzi watatu walikataa. Wawili walikubali, akiwemo Mwenyekiti, ambaye sikumtegemea. Nikabaki mimi. Ningesema ndiyo tungekuwa sare, na kura ya ziada ya Mwenyekiti ingeamua.

Nilijua jibu sahihi. Nawaapia nililijua.

Nikakohoa, nikasema, "Napendekeza suala hili lipelekwe kwenye kamati ndogo."

Wale watatu wakaunga mkono haraka haraka. Mgeni akafunga daftari lake. Kamati ndogo haikuwahi kukaa hata siku moja. Wafadhili wa mwanzo waliposikia wakachukua vyombo vyao, na sisi tukabaki na kadi. Na Oldonyo Sambu hakuna video iliyopanda tena.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Mama Lomayani pale Sakina, barabara ya Nairobi, anauza mahindi mabichi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi kwa miaka yote hiyo. Hakunipa nafasi ya kuanza.

"Mkurugenzi, hujambo? Ile kamati ndogo ilishakaa?"

Nikasema, "Bado."

Akacheka, akanichagulia mahindi mawili laini, akageukia mteja mwingine. Radhi sijaomba mpaka leo. Nimesikia alishatangulia mbele ya haki.

Nilichojifunza ni hiki: kuwasaidia watu nilipenda, ila cheo nilikipenda zaidi, na siku vilipogongana nilijifanya nafuata utaratibu.

Mlio kwenye NGO na media za siku hizi, nambieni ukweli: mgeni akija kwenu, anayefanya kazi mnamweka wapi? Nisemeni mnavyotaka, ila taratibu, presha ninayo.