Taa Iliyowashwa na Gurudumu

Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wangu wa Likasi jinsi sumaku inavyozalisha umeme. Maabara hatuna, kwa hiyo tulitoa sumaku kwenye spika mbovu za kanisani, tukazifunga kwenye gurudumu la baiskeli. Waya wa shaba tuliuzungusha kwenye kipande cha mti, tukauunganisha na taa ndogo ya tochi.

Tulizungusha gurudumu mpaka jasho likatutoka, lakini taa haikuwaka. Wengine wakaanza kucheka. Msichana mmoja, ambaye baba yake anachimba shaba Kambove, hakucheka. Aliinama akatazama, akasema, "Mwalimu, waya iko mbali na sumaku." Akausogeza waya karibu kabisa, kisha akazungusha mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Taa ikawaka. Darasa zima likapiga kelele.

"Basi kule Koni njo vile?" akaniuliza, akitaka kujua kama ndivyo ilivyo kwenye kituo cha umeme cha huko.

"Ndiyo. Ila kule maji ya mto Lufira ndiyo yanayozungusha."

"Na hapa ni minye!" akasema akijigonga kifuani.

Siku iliyofuata nilimwomba alifundishe darasa la jirani. Nilikaa dawati la nyuma nikimsikiliza. Alieleza kila kitu bila kunitazama hata mara moja, na moyo wangu ukajaa fahari.