Kuanzia Katikati

Dada yangu mkubwa hakuwahi kunisikia nikipiga piano mbele ya watu mpaka mwaka jana, katika ukumbi wa hoteli moja ya Diani. Nilikuwa nimepiga katika kumbi za nchi nyingi, lakini yeye hata Mombasa hakuja, na sababu yake aliitamka waziwazi nilipomwendea nyumbani kwake Msambweni kumwalika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja peke yako, au na kile kinanda chako?"

Nilimweleza haja yangu. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, kisha akasema, "Nitakuja. Lakini adhana ikitoka nawe ungali wagongagonga, mimi nainuka natoka. Wala usinifuate kuniomba radhi."

"Tutakuwa tumemaliza kabla ya magharibi."

"Nani kakwambia?"

Swali hilo lilikuwa la marehemu baba yetu, na sote wawili tumelirithi. Meneja wa hoteli, kijana wa bara mwenye adabu, alikuwa amenihakikishia kwamba adhana haisikiki kabisa mle ukumbini. Nilipomwuliza amejuaje, alijibu, "Mzee, si kila mtu husema hivyo?" Sikuridhika. Siku moja kabla ya tamasha nilikwenda nikaketi ukumbini peke yangu wakati wa magharibi, nikaisikia adhana yote, neno kwa neno. Ndipo nikashikilia kwamba lazima tuanze mara tu baada ya sala ya alasiri.

Nilikuwa na hofu nyingine ambayo dada hakuijua. Mpiga piano wa tamasha hapigi kwa kutazama karatasi. Hupiga kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ya vidole haina tofauti na habari za mitaani: kila kidole hupokea kutoka kwa kilichotangulia na kupokeza kinachofuata, bila hata kimoja kujua asili ya neno. Ukikata mnyororo huo katikati, hakuna anayejua lolote.

Mwalimu wangu wa kwanza, mama mkali wa shule ya misheni niliyosoma nikiishi bwenini, aliyajua hayo. Alikuwa akifunika ukurasa kwa kiganja, akiacha mstari mmoja tu, na kunielekeza kwa ncha ya kalamu: "Anzia hapa." Nikirudi nyuma kidogo ili nipate mwendo, alinipiga kijembe: "Umekimbilia kwa mamako tena." Alinifundisha kujua, mahali popote, mkono wa kushoto umesimama wapi na kwa nini. Miaka ya safari na makofi ilinifanya niyazembee mafunzo hayo. Kisha, muda mfupi kabla ya tamasha la Diani, nikiwa jukwaani Nairobi, nilikosa njia ya kutokea katika ukurasa mmoja, nikauzunguka tena na tena kabla ya kuchomoka. Watu walishangilia. Mimi niliamua kwamba likinifika tena, nitaufunga mfuniko wa piano na sitaufungua mbele ya watu. Kusoma noti za muziki jukwaani hakukuwa tena njia ya kunusurika. Macho yangu hayaendi kwa kasi ya mikono.

Siku ilipowadia, dada aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, mithili ya abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Saa ya kuanza ikafika, ikapita.

"Mgeni wa heshima yuko Kona ya Musa, mzee," meneja akaniambia. "Anaingia sasa hivi."

"Umemwona?"

"Nimepigiwa simu."

Mgeni aliingia jua likiwa limekwisha kulegea. Nilianza, nami nikijua kwamba sonata ya mwisho, utungo wa sehemu kadhaa ulio mrefu kuliko zote, haingekwisha kabla ya magharibi. Kuharakisha ni kudanganya, na sikuharakisha. Nilikuwa katika sehemu yake ya taratibu, sauti zikipanda, adhana ilipotoka. Kwa pembe ya jicho niliuona mkono wa dada ukikaza mkoba.

Niliinua mikono yangu, nikaiweka magotini.

Baadhi ya wageni walianza kupiga makofi wakidhani nimemaliza, wakatazamana, wakaacha. Nilimwitikia mwadhini kimoyomoyo kama nilivyofunzwa utotoni, na kila neno lake refu likawa linafuta sauti zangu kichwani. Dua ilipokwisha, nilitazama mikono. Haikuwa na habari yoyote.

Ukumbi ulingoja. Mtu akakohoa. Njia rahisi ilikuwa kurudi mwanzo wa sehemu ile, na vidole vilishaanza kujikunja kuelekea huko. Umekimbilia kwa mamako tena. Nikavizuia. Nikajiuliza lile swali la zamani: mkono wa kushoto ulisimama wapi, na kwa nini? Wimbo ulikuwa umeondoka nyumbani, kwenye sauti yake ya msingi, na haujarudi. Anayekaribia kurudi hubisha hodi kwanza. Basi chini, kwenye sauti nzito, kulikuwa na sauti moja inayorudiwarudiwa, ikibisha. Nikaipiga kwa kidole kimoja, peke yake. Nikaipiga tena. Mkono wa kulia ukajibu, tukaendelea mpaka mwisho.

Nje, dada alinishika kiwiko.

"Hukuinuka," nikamwambia.

"Niinukeje, nawe umenyamaza?" Akatembea kidogo. "Mbona ulikawia baada ya dua?"

"Nilisahau."

"Makubwa! Umri wote huo wagonga, kisha wasahau?" Akacheka mpaka akasimama. "Na ule mwisho, uliukumbuka au uliubuni?"

"Niliukumbuka."

"Nani shahidi?"

Sikuwa na shahidi. Asubuhi yake nilizipeleka karatasi za noti dirishani, penye mwanga, nikahakiki taratibu kwa kioo cha kukuzia. Pale nilipoanzia tena palikuwa mbele kidogo ya pale nilipokomea; nilikuwa nimeruka kipande kifupi, na kuanzia hapo kila sauti ilikuwa mahali pake. Nikaufungua mfuniko wa piano, nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikaacha mstari mmoja, nikaanzia hapo.