Kiti Kilichorudi

Watu walimwita Cheche tangu alipokuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo lilimganda hata baada ya moto kumnyang'anya macho. Siku hiyo aliambiwa pipa la petroli limeshaoshwa. Akaamini, akachomelea, pipa likamlipukia usoni. Tangu hapo akiambiwa chai ina sukari, huonja kwanza. Akiambiwa jua limetoka, hunyoosha mkono dirishani. Usimlaumu, kuamini watu kulishamtokea puani.

Kwa muda mrefu alilala akiuelekea ukuta, akamwambia mkewe waziwazi kwamba haoni sababu ya kuamka. Ni shemeji yake, kaka wa mkewe mwenye duka la samani, aliyemletea kiti kilichotoboka na fungu la fito nyembamba za henzirani, akamfundisha kusuka kikalio kwa kupapasa. Vidole vilichubuka, vikaota sugu, vikajua kazi. Viti vikaanza kuja. Cheche akawa anaamka kabla ya mkewe, na akiulizwa anawahi wapi, anajibu kwa maringo kwamba ana kazi.

Asubuhi moja mkewe aliingia na kiti kilichokatwa kikalio, akasema ni cha mteja mpya. Cheche akakipapasa kama kawaida. Chini ya fremu kidole kikagusa kipande cha fito kilichosahauliwa, kimefungwa fundo. Mafundi wengine huficha fundo ndani. Yeye hulielekeza nje, apate kulishika. Hilo lilielekea nje.

Kazi yake mwenyewe, imekatwa kwa kisu, analetewa aisuke upya. Akaanza kuunganisha mambo. Mbona wateja hawaji wenyewe? Mbona mkewe na shemeji hunong'onezana mlangoni? Huenda hakuna mteja hata mmoja. Huenda viti ni vilevile, vinasukwa na kufumuliwa ili kipofu apate pa kushughulisha mikono, kama mtoto anavyopewa kijiko achezee mama apike kwa amani.

Alishinda ametega sikio. Shemeji alipopita jioni, akawakalisha wote wawili.

"Semeni ukweli. Mnanichezea?"

Mkewe akakiri kwamba kiti ni kilekile. Lakini alisema kimerudishwa na mteja, mama mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu kililegea. Wao ndio waliokikata, Cheche asijue ameharibu, maana waliogopa atarudi kulala akiuelekea ukuta. Cheche akacheka kwa dharau. Uongo mwingine huo, tena umepikwa ukaiva. Akataka apelekwe kwa huyo mama, kama yupo.

Yupo. Kesho yake walimkuta barazani, na mkewe alipoanza salamu zake tamu, mama alimkatisha.

"Wewe ndiye fundi? Mgeni wangu amedumbukia kwenye kiti chako mpaka magoti yakagusa kidevu. Ulikuwa unasuka au unatania?"

"Tuwie radhi mama, haoni," mkewe akasema.

"Kiti hakijui hilo. Na mgeni wangu hajui."

Cheche alimsikiliza kwa makini, akitafuta huruma iliyofichwa mahali katika sauti ile, au mzaha wa mtu aliyefundishwa la kusema. Hakupata kitu. Akakumbuka kwamba kiti hicho alikisuka kwa pupa, bila kuziloweka fito zikalainika, na fito kavu haikazi. Kosa ni lake. Tangu alipoungua hakuna aliyewahi kumkasirikia. Watu walimsamehe hata kabla hajakosea, na msamaha huo ulimuuma kuliko moto. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Nimekosea, mama. Naomba beseni la maji, nikisuke hapahapa."

Alisuka mpaka mchana ukapita. Mama akakikalia kwa uzito wake wote, akajitikisa huku na huku, akaguna. Kisha akasema kuna vingine stoo, na Cheche akivilegeza, yeye atavirudisha vyote.

Njiani Cheche alimsimamisha kila aliyemsalimu, jirani, muuza mkaa, hata mtu asiyemfahamu, akimweleza jinsi alivyogombezwa na mteja wake. Mwingine akawasalimu, mkewe akamvuta mkono waende.

"Ngoja kwanza," akasema, "huyu bado sijamsimulia."